Kupima saladi kwa beseni la Mama Ngoie

Ninyi mnaoanza kazi ya jikoni sasa, siku mtakayopewa karatasi iliyoandikwa "saladi, vikombe vinane", msikimbilie kikombe. Ulizeni kwanza: saladi gani, nzima au imekatwa, kavu au imetoka majini, imeshindiliwa au imeachwa ilale yenyewe? Mkiuliza yote hayo mtaonekana wasumbufu, na bado mnaweza kukosea. Mimi nilikosea. Nimeacha jiko kwa sababu ya mgongo, na mpaka leo sijui kama kosa langu lilikuwa la mizani au la mdomo. Nitawaeleza, halafu mtaamua wenyewe, maana mimi nimeshindwa.

Watu hucheka nikisema nimestaafu. Shemeji yangu huniambia, "Quarante-sept ans, miaka arobaini na saba tu, na unajiita retraité? Retraité ya nini?" Ya kusimama, namjibu. Nimesimama Likasi kwenye jiko la shule, nimesimama Kasumbalesa nikiwapikia madereva wa malori, nimesimama Lukafu msimu mmoja kwa mkulima aliyetaka wafanyakazi wake wale mara mbili kwa siku. Sikukaa mahali. Nikizoea harufu ya jiko, miguu inaanza kuwasha. Lakini nikiota usingizini, naota jiko moja tu, lile la mtaa wa Hewa Bora, lenye bati lililotoboka juu ya sinki na ukuta tuliopaka chokaa kila Pasaka. Tulipika pale chakula cha makampuni, tukakifunga, kikaenda kwa gari hadi kwenye ukumbi wa kulia wa mteja.

Siku yangu ya kwanza pale niliwekwa kwenye majani. Nilijiona fundi. Nani hapa Lubumbashi hajui majani? Nimekua na sombe, yaani majani ya muhogo, na lengalenga, mchicha wa kwetu. Sombe unaijaza kwenye beseni, unaisukuma kwa ngumi, unaongeza, unasukuma tena, kwa sababu itakwenda kwenye kinu hata hivyo. Basi nikachukua saladi, ile laini ya majani mapana, nikaijaza, nikaisukuma kwa ngumi.

"Weye!" Sauti ilitoka nyuma yangu. "Ile si sombe! Ilikukosea nini?"

Huyo ndiye Mama Ngoie. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, mtoto wa mfanyakazi wa reli kutoka Kongolo, Mkatoliki wa misa ya kwanza, na alikuwa kwenye saladi kabla mwenye jiko hajanunua hata friji. Alitoa majani yangu moja moja, akaniwekea mkononi. Yalikuwa yamepata michubuko ya rangi ya chai.

"Baada ya saa moja itakuwa nyeusi," akasema. "Saladi inaanguka yenyewe. Weye unaiachia tu. Kama manyoya ya kuku."

Akanionyesha. Unachana jani kwa upana wa vidole viwili, unaliachia kutoka usawa wa kiwiko, beseni likijaa unaacha. Husukumi, hutikisi. Hayo ndiyo niliyojifunza kwanza, na ni ya kweli mpaka leo: kikombe cha saladi iliyosukumwa na kikombe cha saladi iliyoachiwa si kitu kimoja, hata kama kikombe ni kile kile. Moja inaweza kuwa nzito mara mbili ya nyingine.

Mama hakuwa na mizani. Alikuwa na beseni la bluu, na beseni moja lilitosha watu ishirini. Watu mia mbili, mabeseni kumi. Likishajaa aliweka juu matabishi. Hili mnalijua bila mimi kuwaeleza: hakuna mama sokoni anayekuuzia kopo la unga au fungu la majani akakuacha uende na kipimo kikavu. Anapima, halafu anaongeza kidogo kwa mkono, na hiyo nyongeza ndiyo matabishi, ndiyo inayokurudisha kwake kesho. Mama Ngoie hakuwa anauza kitu, lakini mkono wake ulikuwa wa sokoni. Beseni limejaa, yeye anachota mara tatu kwa mikono miwili, anaweka juu, anafunika kitambaa. Niliona hivyo kila siku. Nami nikaanza kufanya hivyo hivyo bila kujua kwamba nafanya.

Mwenye jiko alikuwa Madame Kavira, mjane kutoka upande wa Butembo ambaye familia yake ilikuwa kwenye biashara ya jumla na malori. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka. Siku moja akaja na karatasi za mteja mpya, wageni waliotaka kila chakula kiandikwe. Mapishi yao yalihesabu majani kwa vikombe. Mkulima wa kule barabara ya Kasenga aliyetuletea majani aliuza kwa kilo. Na katikati kulikuwa na beseni la bluu.

"Kila poste itakuwa na fishi," Madame akasema. Poste ni sehemu ya kazi ya kila mtu, na fishi ni karatasi ya vipimo, ile inayobandikwa ukutani. "Gramu. Sitaki tena beseni, sitaki mukono. Muntu yeyote akisoma, afanye."

"Na mwenye hajui kusoma?" Mama Ngoie akauliza.

Madame alikusanya karatasi zake. "Mama, poste yenye haina fishi kufika mwisho wa mwezi, nitaweka muntu mwingine. Weye utaenda kwa sufuria."

Sasa mwelewe maana ya sufuria. Kwenye sinki letu tulitumia sabuni kali ya kutoa mafuta, na Mama aliwahi kusaidia pale wiki moja tu, ngozi ya mikono yake ikafunguka katikati ya vidole. Kumpeleka sufuria ilikuwa kumfukuza kwa njia ndefu. Na nyumbani kwake Naviundu kulikuwa na wajukuu watatu ambao mama yao alikuwa amefariki. Kila mtu jikoni alilijua hilo. Wote wakanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemaliza sekondari.

"Kazadi atatuandikia," akasema Trésor, kijana mpole wa kwenye nyama, mtu ambaye hakuchoma kuku hata mmoja muda wote niliomjua. "Yeye iko na masomo."

Masomo yangu! Nilikuwa na diploma ya ualimu ambayo sikuitumia hata siku moja.

Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Jumatatu nikapima beseni tupu, nikaandika. Nikajaza saladi, nikapima, nikatoa uzito wa beseni: kilo moja na nusu, pungufu kidogo. Vizuri. Jumanne nikarudia, nikapata karibu kilo mbili. Nikamwita Trésor asome mizani. Karibu kilo mbili. Nilipoteza saa nzima kabla sijaelewa kwamba Jumanne nilikuwa nimeosha kwanza, na nilikuwa napima maji. Nikachukua shuka safi, nikafunga majani ndani, nikatoka uani nikalizungusha kama mtu anayefukuza nyuki. Trésor alicheka mpaka akakaa chini. Lakini maji yalitoka, na kipimo kikarudi.

Jumatano majani yalifika saa sita, yamepigwa jua kwenye pikipiki. Nikafikiri: yamepoteza maji, basi beseni litakuwa jepesi. Likawa zito zaidi. Nikapima tena. Zito. Nilikaa juu ya kreti nikalitazama lile beseni. Jani lililonyauka ni jepesi, hilo nilikuwa na hakika nalo. Lakini jani lililonyauka halijishikilii, linalala, na likilala linaacha nafasi ya mwenzake. Kwa hiyo majani mepesi yalifanya beseni zito. Nilimweleza Mama mara mbili.

"Donc ikiwa mubaya, njo inakuwa nzito?" akauliza.

"Njo bile, Mama."

"Mizani yako iko na bongo."

Bongo ni uongo, kwa Kiswahili chetu, na njo bile ni ndivyo hivyo. Nilicheka, lakini kwa kweli sikuwa mbali na mawazo yake.

Halafu ikaja roquette, ile ya majani membamba inayowasha ulimi kidogo, wageni waliipenda. Beseni lile lile, limejaa lile lile, na haikufika hata kilo moja. Mchicha mchanga ulikaa katikati. Kabichi iliyokatwa nyembamba ilizipita zote. Kwa hiyo mtu akikuuliza "beseni ni kilo ngapi", swali lenyewe halijakamilika. Na kikombe ni kibaya kuliko beseni, kwa kuwa jani moja kubwa likisimama wima ndani ya kikombe, nusu ya unachopima ni hewa. Hapa shikeni neno moja la kweli: msipime kikombe kimoja. Jazeni vikombe ishirini, mwageni vyote kwenye mizani, halafu gawanyeni kwa ishirini. Fanyeni hivyo siku tatu tofauti na chukueni jibu la katikati. Kwangu mimi kikombe cha saladi iliyochanwa kilikaa karibu na gramu arobaini, cha roquette karibu nusu ya hapo. Mkipata tofauti, yaaminini yenu.

Wiki ya pili tulikuwa na mwendo mzuri. Mama alijaza kwa mkono wake, kwa namna yake, ili fishi iwe yake kweli. Mimi nilisoma mizani, nikaandika, beseni likashuka mizanini, Mama akalimalizia na kulifunika, likaenda kwenye friji. Mara tano kwa kila aina ya jani. Mwisho nikaandika fishi kwa kalamu nyekundu na nyeusi, nikaiweka ndani ya plastiki. Mama aliishika juu chini, nikaigeuza. Akaipapasa.

"Hii njo miye?" akauliza.

"Njo weye, Mama. Kwa gramu."

Madame Kavira aliisoma, akaridhika, halafu akasema jambo ambalo hatukulitegemea. Alhamisi Mama asiguse majani. Aende na gari, asimame ukumbini, ahudumie tu. Trésor atoke kwenye nyama, atengeneze saladi ya watu mia mbili kwa kufuata fishi. "Kama fishi iko ya kweli, muntu yeyote ataweza."

Nilimtazama Mama. Sijui kwa nini sikuwa nimeliona hilo mapema. Nilikuwa nimefikiri fishi itambakisha kwenye saladi. Sasa niliona kwamba fishi ikiwa mbaya, ataondolewa kwa kukosa fishi, na ikiwa nzuri, kuna haja gani ya mikono yake? Nilikuwa nimefanya kazi wiki mbili na sikujua nimemfanyia nani.

Alhamisi Trésor alipima kama mfamasia. Alitoa jani moja, akarudisha jani moja. Mabeseni kumi yakaenda. Meza zikaanza kuhudumiwa, na saladi ikapungua, ikapungua, na meza mbili za mwisho zikapata nyanya na vitunguu. Wageni hawakupiga kelele. Waliuliza tu, kwa adabu, kama kuna majani yanakuja. Madame alisikia.

"Trésor, ulipima?"

"Nilipima, Madame. Gramu kwa gramu."

"Basi saladi imeenda wapi? Imetembea?"

Ijumaa akamrudisha Mama, majani ya mkulima yule yule, watu mia mbili wale wale. Mabeseni kumi. Saladi ikatosha na ikabaki, tukala wenyewe na mikate nyuma ya gari. Madame alisimama mlangoni akitafuna.

"Mama anabaki kwa saladi," akasema. "Fishi peke yake haitoshe. Na weye, Trésor, mukono yako iko mubaya kwa majani. Rudia kwa nyama yako."

Tulipiga makofi. Mama alifanya ishara ya msalaba. Trésor naye alipiga makofi, na alikuwa anatazama mikono yake.

Jumamosi nilikwenda soko dogo la Naviundu kununua lengalenga. Mama muuzaji akajaza sahani, akainua, akamwaga kwenye mfuko wangu, halafu akachota tena kwa mkono, akatupia. Nilisimama pale. Nilisimama muda mrefu kiasi kwamba akaniuliza, "Papa, iko nini? Unataka kulia ju ya lengalenga?"

Mimi nilisoma mizani kabla ya matabishi. Kila beseni, kila jani, mara tano. Kila mara nilisoma, nikaandika, na baada ya hapo ndipo Mama akamalizia. Konzi tatu za mikono miwili, mara mabeseni kumi, hazikuwemo kwenye fishi. Hata nilipomtazama akizitia, macho yangu hayakuziona, kwa sababu kwetu kile si kipimo. Kile ni kile unachotoa baada ya kupima.

Nyumba ya Mama Ngoie haikuwa mbali na pale. Nilimkuta uani anachambua maharagwe. Nilimweleza nikiwa bado nimesimama, mfuko mkononi.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Miye naongeza," akasema. "Sikuficha. Mizani yako njo haikungoja."

"Ulijua, Mama?"

"Ikala chini kwanza."

Nikakaa. Mjukuu mmoja akaniletea maji. Mama akaendelea na maharagwe.

"Sasa utaiandika?" akauliza, bila kuinua macho.

Nilimjibu kwamba sijui, na hiyo ilikuwa kweli. Fishi ilikuwa na jina langu chini. Ningeandika mstari mmoja tu, na muntu yeyote angeweza. Kichwani nilimwona Mama kwenye sinki. Jumatatu Madame Kavira aliniita akaniuliza kama fishi iko sawa, au kuna kitu nimesahau.

"Iko sawa, Madame," nikasema. "Ni majani njo inabadilika kila siku."

Na huo haukuwa uongo wote. Majani kweli hubadilika kila siku, nimewaeleza. Ndiyo maana unaingia vizuri mdomoni.

Mama akabaki kwenye saladi mpaka magoti yake yalipomwambia basi, na akatoka kwa siku aliyoichagua mwenyewe, kwa keki na soda. Wajukuu wamesoma. Hilo ninalo na silijutii. Lakini kila Jumapili Mama alipokuwa misani, Trésor ndiye aliyeshika saladi kwa fishi, maana hakukuwa na mwingine, na kila Jumapili ilipungua. Alipima mara mbili. Akaanza kupima mara tatu. Nilimwona akikausha mikono kabla ya kugusa majani, kana kwamba tatizo liko kwenye ngozi. Madame alimsema mbele ya watu. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka pale, nakata vitunguu. Mwaka uliofuata aliacha kazi, na miezi michache baadaye miguu yangu ikawasha, nami nikaondoka.

Mama Ngoie alifariki mvua zilizopita. Tulimzika, tukaimba. Nilifikiri jambo limekwisha naye.

Mwezi uliopita nilipita barabara ya Naviundu nikaona moshi na watu wamepanga mstari kwa ajili ya kuku. Aliyekuwa anageuza nyama ni Trésor, amenenepa, ana kofia. "Ya Kazadi!" akapiga kelele, kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa, akaniwekea kiti. Akanipa kuku, bukari, yaani ugali, na kitunguu kibichi.

"Na majani?" nikauliza. "Bantu banakula kuku bila hata saladi kidogo?"

"Banauliza kila siku. Lakini miye na majani, hapana." Akaonyesha viganja vyake, akicheka. "Madame alisema kweli. Mukono yangu iko mubaya. Hata kwa nyumba, muke yangu njo anapika lengalenga. Miye siguse."

Niliweka kuku chini. Nikamwambia yote, kama nilivyowaambia ninyi, isipokuwa kwa haraka zaidi kwa sababu wateja walikuwa wanasubiri. Fishi, mizani, soko, uani kwa Mama, jibu nililompa Madame. Alikuwa amenipa mgongo akigeuza nyama, na sikuuona uso wake.

"Kila dimanche, kila Jumapili," akasema mwishoni.

"Kila dimanche, Trésor."

"Na Mama alijua?"

"Sijui. Nafikiri."

Aligeuza kuku wawili, watatu. Nilisubiri anitukane, na ningelipokea. Badala yake alipangusa mikono kwenye aproni, akatoa kalamu nyuma ya sikio na kipande cha katoni, akachora mstari.

"Sema basi," akasema. "Kwa kila beseni. Ile ya Mama ya juu ilikuwa gramu ngapi?"

Saladi, roquette, mchicha, kabichi, vikombe, mabeseni, yabisi na mbichi, nilikuwa nimepima vyote. Hilo sikulipima. Hata baada ya kulijua, sikulipima hata mara moja, na mikono iliyokuwa inalitia sasa iko makaburini Sapin, chini ya udongo.

"Ilikuwa kama hivi," nikasema, nikakunja viganja vyangu pamoja hewani.

Trésor akaweka kalamu chini, akakunja vyake karibu na vyangu, akavitazama. "Kama hivi?"

"Ongeza kidogo. Hapana. Hiyo imepita."

"Hivi?"

"Sijui, Trésor."

Mteja wa kwanza kwenye mstari akasema kuku wanaungua, na walikuwa wanaungua kweli, na Trésor hakushusha mikono.